Gari imerudi gereji mara ya tatu: waranti inakulinda mpaka wapi hapa Ontario?

Maswali mengi tunayopata kutoka Parkdale ni ya kutuma hela nyumbani. Yanayofuata, siku hizi, ni ya magari. Kaka amepata kazi ya ujenzi Milton, anatakiwa awe saiti saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kumfikisha saa hiyo hakuna. Dada analea mzee Oakville, zamu inaisha usiku. Wananunua gari kwa mkopo. Baada ya miezi miwili taa ya injini inawaka, gari inapelekwa kwa dila, inakaa siku nne, inarudi na bili, na wiki mbili mbele taa inawaka tena. Ukiuliza waranti, jibu ni "hiyo haihusiki."

Sisi ni wahasibu, si mafundi. Giaboksi yako ina nini hatujui. Lakini bili tunajua kuisoma, na tunajua kwamba hela inayoingia kwenye gari bila mpango ndiyo ile ile iliyokuwa iende kwenye karo, kodi ya nyumba au matofali ya kiwanja. Kwa hiyo leo tueleze waranti ni nini hasa, sheria ya Ontario inakupa nini hata kama huna waranti, na ukikwama uende wapi.

Tulikotoka na tulipo

Wengi wetu tulikua na magari ya mtumba kutoka Japani. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, lakini ndani ya miaka hiyo minane mnunuzi hapewi waranti yoyote ya maana. Waranti yako ni fundi wako. Unamjua, anakujua, kazi ikiharibika unampigia simu anakuja. Mambo yanakwenda kwa mdomo na kwa kuaminiana.

Hapa mambo yanakwenda kwa karatasi. Muuzaji akikuambia "usijali, ikiharibika irudishe tu," na maneno hayo hayapo kwenye mkataba, basi jihesabu hukuambiwa kitu. Na kuna jambo moja linalowashtua watu kila siku: Ontario hakuna siku za kubadilisha mawazo ukinunua gari kwa dila. Umesaini, imekuwa yako. Ule uvumi kwamba una siku tatu au kumi za kurudisha gari si kweli.

Waranti ziko aina tatu, usizichanganye

Ya kwanza ni ya kiwanda. Toyota na Honda hapa Kanada, kwa kawaida, hutoa miaka 3 au kilomita 60,000 kwa sehemu nyingi za gari, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa injini na giaboksi. Kinachotangulia kufika ndicho kinachofunga hesabu. Saa inaanza kuhesabu siku gari ilipokabidhiwa kwa mtu wa kwanza, siyo siku uliyonunua wewe. Ukinunua gari ya miaka minne yenye kilomita 85,000, waranti ya injini imebaki mwaka mmoja au kilomita 15,000 tu. Kwa mtu anayetoka Parkdale kwenda Milton na kurudi kila siku, kilomita 15,000 ni miezi michache.

Vitu vinavyoisha kwa kutumika havimo: pedi za breki, matairi, wipa. Kutu nayo ina masharti yake. Kwa kawaida waranti ya kutu inahusu bodi iliyotoboka kabisa kutoka ndani, siyo madoa ya chumvi ya barabarani ya majira ya baridi.

Ya pili ni waranti ya nyongeza. Hii unauziwa mezani, siku ya kusaini, ukiwa umechoka na unataka funguo. Mara nyingi haitoki kiwandani kabisa, ni ya kampuni nyingine. Ina kiwango cha juu cha kulipa kwa kila tengenezo, ina orodha ya vitu inavyolipia, na kitu kisichotajwa hakilipwi. Nyingine zinataka upige simu upate ruhusa kabla fundi hajafungua boneti. Ukitengeneza kwanza ukadai baadaye, umepoteza.

Ya tatu ni waranti ya matengenezo. Hii inatoka kwenye sheria, haiuzwi, na wengi hawajui kwamba wanayo. Tutaifikia.

Hesabu ya waranti ya nyongeza

Tuchukue mfano. Unauziwa waranti ya nyongeza ya dola 3,000. Unaambiwa "ni kidogo tu, tunaiweka ndani ya mkopo." Mkopo ni wa miaka 5 kwa riba ya asilimia 15, ambayo si ajabu kwa mtu ambaye historia yake ya mkopo Kanada bado ni changa. Hiyo waranti peke yake itakula karibu dola 71 kila mwezi, na mpaka mwisho utakuwa umelipa karibu dola 4,280. Riba peke yake ni karibu dola 1,280.

Sasa weka dola 71 hizo hizo kila mwezi kwenye akaunti ya akiba uliyoipa jina "gari." Baada ya miaka 5 una dola 4,260, bila kuhesabu faida ya benki. Gari isipoharibika, hela ni yako, unaituma nyumbani.

Hatusemi waranti ya nyongeza ni wizi. Kama gari ikiharibika mwezi wa tatu huna hata dola 500 pembeni, inaweza kukuokoa. Tunachosema ni kwamba usiinunue siku ile ile. Omba kitabu chake cha masharti, nenda nacho nyumbani, soma ukurasa wa vitu visivyolipwa. Ukiambiwa ofa ni ya leo tu, hiyo ni dalili mbaya.

Na jua hili: sheria ya Ontario inamtaka dila aliyesajiliwa akitangaza bei ya gari aweke gharama zake zote ndani ya bei hiyo. Kinachoruhusiwa kubaki nje ni kodi ya HST na gharama za namba za gari, na tangazo liseme hivyo. Kwa hiyo ukiona gari imetangazwa dola 11,900, halafu mezani unaongezewa "ada ya ofisi" na "ulinzi wa kuibiwa" kwa lazima, una haki ya kukataa.

Kabla ya kusaini: nani anakuuzia?

Wauza magari Ontario wanasimamiwa na baraza linaloitwa OMVIC, lililoanza kazi 1997. Kila dila na kila muuzaji lazima asajiliwe, na majina yao unaweza kuyatafuta kwenye tovuti ya OMVIC kwa simu yako ukiwa umesimama palepale kwenye yadi.

Dila aliyesajiliwa lazima akuandikie kwenye mkataba mambo muhimu ya historia ya gari: kama iliwahi kuwa teksi au gari ya kukodisha, kama ilipata ajali na matengenezo yakazidi dola 3,000, kama iliingia maji ya mafuriko, kama injini au giaboksi inahitaji matengenezo, na kama waranti ya kiwanda ilifutwa. Hilo la mwisho lizingatie sana. Gari inaweza kuwa ya juzi tu lakini waranti yake imeshakufa kwa sababu ilipata ajali kubwa.

Baadhi ya mambo hayo yana uzito zaidi. Dila akikuficha kilomita halisi, au mwaka na modeli, au kwamba gari ilikuwa teksi, ya polisi au ya kukodisha kila siku, au kwamba iliwekewa alama ya kuharibika vibaya, unaweza kuuvunja mkataba ndani ya siku 90 tangu ulipopokea gari. Kuna pia mfuko wa fidia kwa wanunuzi wa magari, unaoweza kulipa mpaka dola 45,000 pale dila aliyesajiliwa anaposhindwa kulipa anachodaiwa, kwa mfano amefunga duka na hela yako.

Ukinunua kwa mtu binafsi mtandaoni, hayo yote hayapo. Muuzaji anatakiwa akupe kifurushi cha taarifa za gari kutoka ServiceOntario, ambacho kinagharimu dola 20, basi. Na jihadhari na madalali wasiosajiliwa wanaojifanya wanauza gari ya mjomba wao. Ukiona jina kwenye karatasi ya umiliki si la huyo unayeongea naye, ondoka.

Maneno ya kuyatafuta kwenye mkataba ni "as is," yaani inauzwa kama ilivyo. Maana yake muuzaji hakuahidi hata kwamba gari inafaa kutembea barabarani. Ukisaini hapo, usije kushangaa bredauni ikikusubiri kona ya Queen na Dufferin.

Na cheti cha usalama? Watu wengi wanakiona wanadhani ni waranti. Sivyo. Kinasema kwamba siku ile ya ukaguzi breki, taa, usukani na matairi vilifikia kiwango cha chini. Kinatumika siku 36 kwa ajili ya kusajili gari. Injini inaweza kufa siku ya 37, na siku ya pili pia.

Je, ni lazima gari ihudumiwe kwa dila?

Hili ndilo linalowakosesha watu hela nyingi. Wanaambiwa wakibadilisha oili kwingine, waranti imekwisha. Ukisoma kitabu cha waranti cha kampuni nyingi, kinataka mambo mawili: gari ihudumiwe kwa ratiba iliyoandikwa, na uwe na ushahidi. Gereji ya mtaani yenye fundi mwenye leseni inatosha kwa huduma za kawaida. Lakini tengenezo lenyewe la waranti, lile la bure, hufanywa kwa dila wa kampuni hiyo.

Kinachoua madai ni kukosa risiti. Injini ikifa ukiwa na kilomita 90,000, swali la kwanza litakuwa: oili ilibadilishwa lini? Risiti iwe na tarehe, namba ya chasisi, kilomita za siku hiyo na aina ya oili. Ukibadilisha mwenyewe, tunza risiti ya oili na filta na uandike kilomita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa si methali tena, ni hela taslimu.

Upande wa pili, dila naye hupenda kukuongezea huduma ambazo kitabu hakijazitaja: kusafisha mfumo wa mafuta, kusafisha hiki na kile, dola 150 hapa, dola 200 pale. Jibu ni swali moja la upole: "Naomba unionyeshe iko ukurasa gani wa kitabu cha gari." Ikiwa haipo, sema asante, siyo leo.

Jambo lingine ni kuitwa kwa magari na kampuni kwa kasoro ya usalama. Hilo halihusiani na waranti. Matengenezo yake kwa kawaida ni bure hata kama wewe ni mmiliki wa tatu. Ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, uone kama kuna tengenezo linalokusubiri. Barua huenda ilitumwa kwa mwenye gari wa zamani.

Haki zako ukipeleka gari gereji

Sheria ya kumlinda mteja ya Ontario ya mwaka 2002 ina sehemu nzima ya matengenezo ya magari. Inahusu dila na gereji ya uchochoroni sawasawa. Kwa kifupi:

1. Kabla ya kazi, gereji ikupe makadirio kwa maandishi. Ukikubali kutopewa, basi weka wewe kiwango cha juu ambacho hawatakivuka.
2. Bili ya mwisho haitakiwi kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Makadirio yakiwa dola 800, mwisho ni 880.
3. Kazi ambayo hukuiruhusu, hulazimiki kuilipia.
4. Ada ya makadirio au ya kupima lazima uambiwe kabla. Ukikubali kazi ifanyike na ikafanyika, makadirio yenyewe hayalipiwi.
5. Spea zilizotolewa ni haki yako kurudishiwa, isipokuwa zile zilizobadilishwa bure kwa waranti au kama ulisema huzitaki. Ziombe. Fundi akijua utaziangalia, anakuwa makini.
6. Spea mpya au zilizokarabatiwa, pamoja na kazi ya kuzifunga, zina waranti ya siku 90 au kilomita 5,000, chochote kitakachotangulia. Vitu kama oili, filta, taa, matairi na betri havimo.

Namba 6 ndiyo ile waranti ya tatu. Ile taa ya injini iliyorudi baada ya wiki mbili, kama ni tatizo lile lile na spea ile ile, hutakiwi kulipa mara ya pili. Kama gari imekufa mbali na kuirudisha kwa fundi wa kwanza haiwezekani, unaweza kuitengeneza gereji ya karibu na ukadai gharama ya kazi ile ya kwanza pamoja na ya kuvutwa.

Sheria hii inazungumzia mteja. Haiulizi kama wewe ni raia, mkazi wa kudumu au una kibali cha kazi. Lakini ina mlango mmoja wa kuangalia: mteja ni mtu anayenunua kwa matumizi yake binafsi, ya familia au ya nyumbani. Wale wa ujenzi mnaofanya kazi kama wakandarasi, mkanunua van kwa jina la biashara, kinga hii inaweza isiwahusu. Kuendesha gari yako kwenda kibaruani si biashara. Kusajili van kama mali ya biashara ni jambo jingine, na ni vizuri kuliwaza kabla hujaamua jina gani liandikwe kwenye karatasi.

Halafu tahadhari ya mwisho ya gereji. Ukigombana kuhusu bili, gereji inaweza kuishikilia gari yako mpaka ilipwe. Usiende kuichukua usiku kwa funguo za akiba. Kuna njia ya kuiweka hela inayobishaniwa mahakamani ukapewa gari kwanza, halafu mgogoro ukaendelea.

"Hatukuona tatizo"

Jibu hili ndilo linalochosha kuliko yote. Unapeleka gari, inatetemeka ikifika kilomita 80 kwa saa. Wanaizungusha mtaani, wanasema iko sawa. Unarudi Jameson, kesho yake inatetemeka tena.

Hapa kazi yako ni kujenga kumbukumbu. Kila mara unapoipeleka, hakikisha lalamiko lako limeandikwa kwa maneno yako kwenye karatasi ya kazi, hata kama mwisho wameandika hawakuona kitu. Chukua video, sauti na dashibodi vionekane. Omba fundi apande na wewe uendeshe. Na kabla hujaacha funguo, uliza: "Mkikuta haiko kwenye waranti, kupima nalipa nani na kiasi gani?" Jibu liandikwe.

Karatasi tatu zenye lalamiko moja ndani ya miezi minne zina nguvu kuliko kelele za mwaka mzima. Maktaba ya Parkdale pale Queen Magharibi ina mashine za kuskani. Weka nakala zote kwenye barua pepe yako, maana karatasi za risiti hufutika wino.

Ukikwama, panda ngazi hivi

Anza na meneja wa huduma wa dila, kwa barua pepe. Eleza tarehe, kilomita, walichofanya, unachotaka, na mpe siku 10.

Kisha piga simu ofisi ya Kanada ya kampuni iliyotengeneza gari. Omba namba ya faili na uiandike.

Kama mgogoro ni kasoro ya kiwanda au jinsi kampuni inavyotekeleza waranti yake, kuna CAMVAP, mpango wa usuluhishi wa Kanada ulioanza 1994. Kwa mteja ni bure. Unahusu magari ya mwaka huu wa modeli na miaka minne iliyotangulia, yasiyozidi kilomita 160,000, yanayotumika hasa kwa mambo binafsi au ya familia. Hata gari uliyonunua mkononi inaweza kuingia. Msuluhishi anaweza kuamuru itengenezwe, urudishiwe hela ya matengenezo, na katika hali fulani kampuni iinunue tena gari. Uamuzi unawafunga wote wawili, na si kampuni zote zimo, hivyo angalia orodha kwanza.

Kama mgogoro ni jinsi ulivyouziwa, nenda OMVIC. Kama ni gereji na bili yake, nenda Consumer Protection Ontario, ofisi ya serikali ya mkoa inayopokea malalamiko ya wateja.

Mwisho ni mahakama ya madai madogo, ambayo tangu Oktoba 2025 inasikiliza madai mpaka dola 50,000. Wakili si lazima. Kwa kawaida una miaka miwili tangu ulipojua tatizo. Pro Bono Ontario wana laini ya simu ya ushauri wa sheria bila malipo, wapigie kabla ya kufungua kesi.

Hela ya nyumbani isiguswe

Wakati mgogoro unaendelea, gari imelala na kazini unatakiwa. Hapa ndipo watu wanakimbilia mikopo ya siku ya mshahara. Tangu Januari 2025 gharama yake ya juu kisheria ni dola 14 kwa kila dola 100. Ukikopa 600, unarudisha 684 ndani ya wiki chache, na mara nyingi unakopa tena. Hiyo 84 ni gharama ya kutuma hela nyumbani mara nyingi sana.

Kabla ya hapo, angalia njia ya kufika kazini bila gari kwa wiki mbili tatu. Tangu Februari 2024 ukitumia kadi ile ile ya PRESTO kutoka TTC kwenda MiWay ya Mississauga, Brampton Transit au basi za York, hulipi nauli mara mbili ndani ya muda wa saa mbili, na ukiunganisha na treni ya GO nauli ya TTC haihesabiwi. Haitamfikisha kila mtu saiti alfajiri, lakini wengine itawafikisha.

Na kama bado hujanunua gari, fanya hivi kwanza. Kwa miezi mitatu, weka pembeni kila mwezi kiasi ambacho ungelipa kwa mkopo, bima na mafuta, na endelea kutuma nyumbani kama kawaida. Ukiweza bila kuyumba, una uwezo wa gari, na tayari una akiba ya matengenezo ya kwanza. Ukishindwa mwezi wa pili, umejua mapema, na hakuna dila mwenye sahihi yako.